Mpira Nilioutupia Kikapu Kisichokuwapo

Nawasalimu wote mlioketi, na nyinyi mliosimama kule mlangoni kwa sababu viti vimekwisha. Mwenyekiti wa wanaume ameniambia nisizidi nusu saa. Nimemwambia nitajaribu, lakini mnanijua. Mimi nikianza safari huwa sijui itaishia wapi.

Niseme mapema kwamba sitataja jina la mtu. Mmoja wa hao nitakaowasimulia akisikia nimemtaja mbele ya kanisa atanipigia simu leo leo, na si kwa kunisifu.

Ndugu zangu, kutoka hapa kwetu hadi nchi ya chai ya Kericho ni safari ya asubuhi moja. Unavuka Chepilat, unapita Sotik, na kabla njaa haijakuuma umefika. Mimi safari hiyo ilinichukua miaka kumi na tano. Nilipitia Lodwar.

Chekeni, lakini ni kweli. Nilikuwa na miaka ishirini matokeo ya Form Four yalipotoka. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa amewaambia watu wa sokoni kwamba boma letu sasa litatoa mwalimu. Nikapata D. D iliyonyooka, haina alama ya kuongeza wala ya kupunguza. Jioni hiyo baba hakusema neno. Angenipiga ingekuwa afadhali. Nikaamka kabla jogoo hajawika, nikatia karatasi ile ya matokeo kwenye mfuko wa plastiki, nikatoka. Mama yangu yuko hapa, safu ya tatu. Asubuhi ile alikuja kuniita ninywe uji, akakuta blanketi limekunjwa.

Lodwar nilipakia samaki wakavu kwenye malori. Siku moja nikafunga kamba vibaya, mzigo ukamwagika mbele ya tajiri na watu wake wote. Kesho yake sikuwapo. Isiolo nililinda mbuzi wa mtu, mmoja akapotea, kesho yake sikuwapo. Naivasha nilikata maua, na hapo kulikuwa na mwanamke aliyekuwa tayari tuanze maisha. Msimamizi akanifokea mbele yake kama anafokea mtoto. Kesho yake, enhe, mmeshajua.

Sikuwa mwizi, nawaambia. Pombe hata sikuipenda. Ugonjwa wangu ulikuwa huo mmoja: nikiaibika mahali, jua likichomoza halinikuti hapo. Na kila nilipoondoka sikumuaga mtu. Niliondoka kama mtu anayetoka kanisani katikati ya mahubiri, kwa ncha za vidole.

Sasa, huko Kericho nilifikaje? Nilikuwa juu ya lori la viazi kutoka upande wa Molo, naelekea Kisumu, sina shughuli yoyote Kisumu. Lori likavunjika ekseli pale Kedowa. Dereva akasema tungoje siku mbili. Mimi kungoja sijui. Nikashuka na mfuko wangu, nikatembea. Nilitembea siku nzima, na jioni ukungu ulipoinuka kidogo nikaona chai. Sijui niwaelezeje. Nyinyi mna chai zenu hapa nyuma ya nyumba, vipande vipande. Kule ilikuwa kilima baada ya kilima, imekatwa juu ikalingana kama kitanda kilichotandikwa na mtu mwenye bidii. Na ile harufu ya kiwanda, ya majani yanayonyauka, tamu kidogo, chachu kidogo. Hata leo upepo ukiniletea harufu hiyo huwa naacha kazi ninayofanya na kusimama.

Nikaajiriwa kuchuma. Nilichuma miaka sita, mashamba matatu makubwa, mwisho kwa wakulima wadogo upande wa Roret. Kwa wale wasiojua kazi ile ya mashamba makubwa, ni hivi. Unavaa kikapu mgongoni. Unalaza ufito juu ya vichaka ili uone usawa. Unachuma majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili, na mkono ukijaa unatupa nyuma juu ya bega, ndani ya kikapu. Huangalii. Anayegeuka kuangalia kikapu ni mgeni. Mkono unachukua, unatupa, unachukua, unatupa, kuanzia asubuhi hadi mizani ifike. Usiku ukiota, unachuma ndotoni, na asubuhi unakuta blanketi liko sakafuni nyuma yako.

Halafu mashine zikaja. Watu wawili wanaibeba, mmoja huku mmoja kule, inapita juu ya chai ikinguruma, na nyuma yake shamba limenyolewa. Ilifanya kwa asubuhi moja kazi yetu ya wiki. Tukaambiwa asanteni. Nikabaki na kibarua cha mama mmoja mjane wa Roret, mkulima mdogo, mwenye chai kidogo na ng'ombe wawili. Alinipa stoo ya kulala na siku zote aliniita "Mkisii wangu", hata mbele ya wageni.

Siku moja nilikuwa nikilalamika juu ya mashine, sijui nalalamika mara ya ngapi. Akaweka chini sufuria.

"Hiyo mashine imekunyang'anya kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Na ikiharibika, nani anatengeneza?"

"Sijui. Fundi."

"Basi enda ujue ni nini iko ndani yake. Hapo chini kuna chuo. Wewe si una karatasi?"

Nilikuwa nayo. Ile D, ndani ya mfuko wa plastiki, miaka ishirini na moja. Sijui kwa nini sikuwahi kuitupa. Chuo cha ufundi kikaipokea bila hata kukunja uso. Mama yule akazunguka na mimi kwa chifu na kwa watu wa basari ya wadi mpaka wakachoka kutuona. Na hivyo ndivyo nilivyoanza mwaka wa kwanza, kozi ya mitambo, nikiwa na miaka arobaini na moja.

Siku ya kwanza nilipoingia darasani wote walisimama. Walidhani ni mwalimu. Nikasema, "Kaeni, kaeni," nikaenda kuketi nyuma. Mmoja akaniuliza, "Buda, wewe ni mzazi wa nani?"

"Mimi ni fresha."

Kicheko kilichotoka pale kilivunja dawati. Nasema kweli, dawati moja lilivunjika. Lakini kilikuwa kicheko cha watoto wa watu, hakikuwa na sumu. Tangu siku ile jina langu likawa Buda, yaani mzee.

Sasa nifike kwenye besiboli. Mkiniona nasema neno hilo mnashangaa, hata mimi nilishangaa. Chuo kile kilikuwa na timu, na uwanja wake uko kwenye kilima, chai pande tatu. Mchezo wenyewe ni binamu wa raundas ambayo wasichana walicheza shuleni. Mtu anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, akiupiga anakimbia kwenda besi ya kwanza. Pale besi ya kwanza amesimama mtu wa timu pinzani. Mpira ukimfikia yeye kabla ya mkimbiaji, mkimbiaji ametoka. Hayo yanatosha kwa leo.

Kazi ya mafresha, sisi wa mwaka wa kwanza, kwenye uwanja ule haikuwa kucheza. Ilikuwa kutafuta mipira. Mtu akipiga mpira ukavuka uzio, unazama kwenye chai, na mipira yenyewe ilikuwa michache kama mayai ya bata. Nahodha, kijana wa mwaka wa mwisho, mwenye mdomo mkali kuliko wembe, alikuwa anapiga kelele, "Fresha ni fresha! Hata kama una mvi! Ingia kwa chai!"

Nikaingia. Wenzangu walikuwa wanapekua dakika kumi wakivunja matawi. Mimi nilisimama nikatazama. Kichaka kilichoguswa hukijui, lakini mchumaji anakijua: majani yamegeuka, yanaonyesha tumbo. Nikanyoosha mkono nikautoa. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu nahodha akaniuliza kama nina mizimu.

Kocha wetu alikuwa mwalimu wa Hisabati, mwanamke mfupi wa gambuti nyekundu, ambaye tulimwita Madam. Siku moja mtu akanirushia mpira kwa nguvu nikiwa nimebeba mwingine, nikaudaka kwa mkono mtupu bila kufikiri. Madam akaja.

"Tena," akasema.

Nikarushiwa tena.

"Wewe unadaka kama mtu anapokea yai. Hawa wote wanaupiga mpira makofi. Mikono yako umeipeleka shule gani?"

"Kwa chai, Madam."

Hakucheka. Alinipa glavu ya zamani iliyoliwa na panya kidole kimoja, akaniambia nisimame besi ya kwanza. Nilisimama pale wiki sita. Wavulana wawili wa mwaka wa tatu waliitaka nafasi ile, na walikuwa na haki ya kuitaka. Walikimbia kunishinda, waliruka kunishinda. Lakini mpira ukinijia haukutoka.

Karatasi ya timu ilibandikwa kwenye mlango wa jikoni, kwa sababu hapo ndipo kila mtu hufika. Mafresha wawili tulikuwa ndani. Mmoja kijana wa kutoka Bomet, mrushaji wa mkono wa kushoto, deski moja na mimi, mtu wa maneno machache. Mwingine, besi ya kwanza, Buda. Nahodha aliisoma, akanigeukia, akasema, "Mimi nilitaka rafiki yangu aingie. Lakini mpira hauulizi mtu yuko mwaka wa ngapi. Ukituaibisha, nitakuzika kwa chai na hakuna mtu ataona kichaka kimeguswa."

Ndugu zangu, ile miezi! Ningepewa ruhusa ya kurudi kuishi mahali pamoja tu, ningerudi kwenye saa kumi ya jioni ya uwanja ule. Ukungu unapanda kutoka bondeni polepole, unafika magotini, mpaka unamwona mrushaji kuanzia kiunoni tu, kama mtu anayeoga mtoni. Yule wa mkono wa kushoto anarusha, gongo linalia, mtu anaita "Wangu! Wangu!" na humwoni. Halafu tunateremka jikoni tukiwa na tope hadi kwenye nyusi, tunakunywa chai ya maziwa kwenye vikombe vya plastiki, nahodha anatusimanga mmoja mmoja. Watoto wale wangeweza kuwa wanangu. Mimi sina mtoto, mnajua. Na pale sikuhisi kwamba nimechelewa.

Sasa nifike kwenye kuanguka.

Fainali ya vyuo vya eneo letu ilichezewa kwetu, Jumamosi. Wiki ile chai ilikuwa imekubali sana kwa ajili ya mvua, na mama wa Roret mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba. Majani yakipitwa na siku zake yanakuwa magumu, kiwanda kinayakataa. Kwa hiyo kila nilipotoka darasani nilikwenda kumchumia, na Ijumaa kutwa nzima nilichuma. Sikumwambia Madam. Niliona ni wema tu, wema una shida gani?

Jumamosi wafanyakazi wa mashamba walijaa kwenye ukingo wa uwanja, wametandaza magunia, wanakula mahindi. Wengi wao nilichuma nao. Walikuwa wananishangilia mimi, mtu wao. "Boiyo! Boiyo!" maana yake mzee, kwa Kipsigis.

Tulikuwa tumemaliza zamu zetu za kupiga. Tunaongoza kwa pointi moja. Wao wana mtu mmoja ametoka, na zamu huisha wakitoka watatu; wawili wako kwenye besi, wakimbiaji wazuri wote. Kijana wetu wa kushoto akarusha, mpigaji akaugusa vibaya, mpira ukabiringika chini. Mwenzetu akauokota akanirushia. Nikaudaka, mguu wangu uko kwenye besi. Mpigaji ametoka. Watu wakainuka. Wakati huo huo yule mkimbiaji wa besi ya tatu alikuwa anakimbilia nyumbani, yaani besi ya mwisho anakopatia pointi, na kazi yangu iliyobaki ilikuwa moja, kumtupia nahodha aliyekuwa amesimama nyumbani anangoja na glavu wazi. Angetoka huyo, kikombe chetu.

Ndugu zangu, mkono ulichukua. Mkono ukatupa nyuma, juu ya bega.

Sikuangalia hata. Kwa nini niangalie? Miaka sita sikuwahi kuangalia. Nilikuwa nimeshainama kidogo kutafuta chipukizi lingine.

Mpira ulikwenda nyuma yangu ukagonga nguzo ya uzio ukaingia kwenye chai. Wa kwanza akafika nyumbani. Wa pili akafika nyumbani. Kwanza palikuwa kimya, kwa sababu watu wa vyuo hawakuelewa wameona nini. Lakini wale wa kwenye ukingo walielewa kabla yangu. Mama mmoja akapaza sauti, "Ameweka kwa kikapu!"

Mlima mzima ukaanguka kwa kicheko.

"Karani! Kuja upime!"

"Boiyo, hiyo imejaa, peleka kwa mizani!"

"Umechuma na kijiti, hiyo watarudisha!"

Hawakuwa na ubaya. Leo najua. Lakini nilimwona nahodha amepiga magoti pale nyumbani, glavu bado iko wazi, na ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Nikaruka uzio. Nilipita katikati ya chai nikiwa na jezi yangu, sikuchukua hata begi.

Nilitembea hadi Roret. Nilikuwa na shati jingine kule kwenye stoo, na nilitaka shati lile tu. Asubuhi ningekuwa njiani. Wapi? Nilifikiria Kitale. Kitale sikuwa nimeaibika bado.

Mama alikuwa anakamua ng'ombe. Alinitazama kutoka chini.

"Leo si ni siku ya mchezo?"

"Ilikuwa."

"Kwani kumetokea nini, Mkisii wangu?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye bega, aliacha kukamua. Aliweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe akacheka mpaka ng'ombe akainua mguu.

"Mama, nimewapotezea kikombe."

"Nimesikia. Wacha nicheke kwanza. Uliweka kwa kikapu yangu! Wiki mzima umenifanyia kazi hapa, ukaenda kunifanyia na huko!" Akapangusa macho na mkono uliovimba. "Sasa umekuja kuchukua nini?"

"Shati tu."

"Mtu akikuja kuchukua shati jioni, asubuhi hayuko." Akaendelea kukamua. "Umetoka nyumba ngapi bila kusema kwaheri?"

Nikahesabu kichwani. "Saba."

"Na kwenu?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza."

Maziwa yakalia kwenye ndoo. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi hapa. "Sikia. Mimi sikushikilii. Mguu ni yako. Lakini hao watoto utaenda uwaage. Useme na mdomo, 'Mimi naenda.' Ukimaliza, shati yako iko hapa, na nitakupikia chai ya njia."

Ndugu zangu, mzigo ule ulikuwa mzito kuliko wote. Kuondoka najua. Kuaga sikuwa nimewahi.

Jumatatu saa kumi nikapanda ule uwanja. Walikuwa kwenye mazoezi. Nikasimama mbele yao, nikasema kwamba nimekuja kuwaaga. Madam alikuwa ameegemea gongo. Nahodha ndiye aliyejibu.

"Sawa. Aga basi. Lakini mmoja mmoja. Hapa hakuna kuaga kwa jumla."

Wakajipanga mstari, watu kumi na saba. Nikaanza. Wa kwanza akanipa mkono, "Safari njema, Buda." Wa pili akasema, "Ukifika huko, vitu tupa mbele." Wakacheka, na mimi nikacheka, na nikashangaa kwamba kicheko hakikuniua. Wa tatu alikuwa mmoja wa wale waliotaka nafasi yangu. Akanishika mkono na kuniambia, "Mimi singeudaka hata huo wenyewe." Wa nne. Wa tano. Kila mkono ulikuwa mgumu kuuacha kuliko uliopita. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili karibu, na ndiyo mara ya kwanza naona nyuso za watu ninaowaacha. Za zile nyumba saba sikuwahi kuziona. Mama yangu sikumwona.

Nahodha alikuwa wa nane. Nikamwambia, "Nisamehe. Mwaka wako wa mwisho."

"Nimekasirika," akasema. "Bado nimekasirika. Kesho pia. Lakini nani alikuambia mimi nikikasirika ndio wewe uende?"

Nikasogea kwa wa tisa, yule kijana wa kushoto wa deski langu. Nikanyoosha mkono. Hakunyoosha wake.

"Nipe mkono, kijana."

"Sina. Huu uko kwa glavu. Na huu," akaonyesha mkono wa kushoto, "uko na mpira. Na mpira unaenda besi ya kwanza. Sijui nani ataudaka."

Akarudi nyuma hatua kumi, akainua mkono.

Miguu yangu, ile iliyonitoa kwetu, iliyonitoa Lodwar na Isiolo na Naivasha, ilitimua mbio. Safari hii ilikimbilia ndani. Nilifika kwenye besi bila glavu, mpira ukanipata kwenye viganja, na mkono ukaanza kwenda nyuma. Nawaambia ukweli, ukaanza tena kwenda! Watu kumi na saba wakapiga kelele kwa sauti moja, "Mbele!"

Nikamtupia nahodha. Akaudaka kifuani. Madam akapuliza filimbi, akasema, "Mazoezi yaendelee, jua linaisha." Hakuna mtu aliyeongea tena habari ya kuondoka. Wanane waliobaki mstarini hawakuwahi kuagwa hadi leo.

Kesho yake Madam alinituma Roret nikaazime kikapu. Akanifungia mgongoni, lakini juu chini, tako limetazama angani. Kila nilipotupa nyuma, mpira uligonga tako la kikapu ukanirudia kisogoni. Kisogo changu kiliumia wiki tatu, na mkono ukasoma. Hesabu za Madam zilikuwa za namna hiyo.

Mtataka kujua kama mwaka uliofuata tulichukua kikombe. Hatukuchukua. Tulipigwa nusu fainali, tukapigwa vizuri, na hapakuwa na kosa langu hata moja. Sijawahi kufurahia kushindwa kama siku ile. Tuliimba njia nzima kurudi, dereva akauliza mara mbili kama kweli tumeshindwa.

Ndugu zangu, najua wako hapa walio na begi chini ya kitanda. Wengine wamefutwa kazi, wengine wamefeli, wengine wamesema jambo nyumbani ambalo hawajui watalirudishaje mdomoni. Mimi sina elimu ya kuwafundisha. Nina neno moja. Kama ni lazima uondoke, ondoka, lakini usiondoke siku uliyoanguka. Ngoja siku nyingine. Siku ya aibu macho yako yanadanganya, yanakuonyesha kila mtu amekugeuzia mgongo, kumbe ni wewe uliyegeuka. Na kabla hujaondoka, waage, mmoja mmoja, uwatazame usoni. Huenda ukafika wa tisa.

Namshukuru mama wa Roret, aliyenitunzia shati bila kunipa. Namshukuru Madam, na nahodha ambaye sasa ni fundi Bomet na bado amekasirika kidogo. Nawashukuru wale wa ukingoni walionicheka, kongoi mising, asanteni sana, kwa sababu walinifundisha kwamba mtu hafi kwa kuchekwa. Mungu awatunze popote walipo, na sisi atutunze hapa tulipoketi.

Nilimaliza chuo mwaka jana. Madam aliniomba nibaki nimsaidie kufundisha timu, na kiwanda kimoja kilikuwa tayari kunichukua. Nilifikiri wiki mbili. Kwa mara ya kwanza sikuwa na aibu ya kunifukuza, na hapo ndipo nilipoweza kusikia moyo unataka nini. Ulitaka nyumbani. Kulikuwa na mtu mmoja ambaye nilimwacha na uji.

Kuaga kulinichukua siku tatu. Roret peke yake ilikuwa siku nzima. Mama hakulia, alinifokea juu ya viatu vyangu, akanipakia maziwa mengi kuliko ningeweza kubeba. Siku ya tatu nilipanda uwanjani nikakuta mafresha wapya, hawanijui. Msichana mmoja alikuwa amesimama kwenye besi ya kwanza. Akaangusha mpira wa kwanza. Akaangusha wa pili. Nahodha mpya akamtolea maneno. Msichana akatazama lango, nikaona anavyolitazama, nayajua macho yale. Nikaketi kwenye nyasi. Nilikuwa na gari la kuwahi, nikaliacha liende. Wa tatu akauangusha pia. Wa nne ukaingia kwenye glavu, akaukumbatia kwa mikono miwili kama umeteremshwa kutoka mbinguni.

Nikainuka, nikawapa mkono wote, hata wasionijua, hata mpishi. Kisha nikatoka kwa lango kubwa, saa sita mchana, watu wakiniona.